Matokeo ya ukaguzi wa zahanati na kliniki yabandikwe ukutani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako niseme jambo moja ambalo kila nikilisema sokoni watu wanaitikia "kweli mama" alafu linaishia palepale kwenye magunia. Hivi vituo vyetu vya kutibiwa, zahanati za serikali, za misheni, na hizi kliniki za binafsi ambazo siku hizi kutoka Uyole mpaka Mafiati ziko kila kona, vinakaguliwa. Tusidanganyane kwamba havikaguliwi. Watu wanakuja na gari, wanafungua makabati, wanauliza maswali, wanaandika, wanaweka sahihi, wanaondoka. Sasa walichokikuta kiko wapi? Mbona mimi ninayekwenda kutibiwa pale sikioni? Hoja yangu ndo hiyo tu Mhariri, hayo mengine nitakayoandika ni kuifafanua.

Mimi ni mama wa viazi hapa Uyole, na pia ni mjumbe wa kamati ya usimamizi wa zahanati, nawakilisha wananchi wa kata yetu. Sio mtaalamu wa afya, sijasomea hata huduma ya kwanza, ila kwenye kamati nimekaa vya kutosha kuona mambo ambayo mgonjwa wa kawaida anayapita tu akiwahi foleni.

Ukimuuliza mtu wa hapa kliniki gani nzuri hachelewi kukujibu. Nenda kwa fulani, pale kuna marumaru, ukifika unapokelewa na binti kavaa vizuri, muda si muda umeshatolewa damu na unatoka na mfuko wa dawa. Au atakwambia yule dokta ana mkono, akikuchoma sindano moja tu jioni unakula ugali. Ila yule aliyekukalisha akakuuliza maswali mengi, akakupapasa tumbo, alafu akakwambia mama huna kitu kikubwa, kapumzike, kunywa maji, homa isiposhuka urudi, huyo tunamsema mtaa mzima, eti hajui kazi, eti kala hela ya kumuona daktari bure. Mwe! Yaani aliyefanya kazi yake ndo anakosa wateja. Sisemi kwamba sifa za mdomoni zinakosea siku zote, mbona watu wanatoka mpaka Dar es Salaam wanakwenda kutibiwa Ikonda kule Makete kwenye baridi, hamna aliyewaonyesha cheti chochote, wameambiana tu na wala hawajutii. Lakini Ikonda ni hospitali kubwa na jina lake limejengwa miaka mingi. Kliniki ya vyumba vitatu iliyofunguliwa juzi pembeni ya stendi utaijuaje kwa maneno ya mtu?

Nitoe mfano wa nyumbani kwangu. Kipindi cha baridi kilichopita, ule mwezi wa saba ambao huku asubuhi unaogopa hata kunawa uso, mjukuu wangu wa mwaka mmoja na nusu alishikwa na homa na kikohozi. Mkwe wangu akampeleka kliniki moja ya binafsi mjini, jina naliacha maana sijaja hapa kugombana na mtu. Akapokelewa vizuri tu, akalipia kumuona dokta, dokta akauliza mtoto anasumbuliwa na nini, mama akasema homa, na kabla hajafika kwenye kikohozi karatasi ya maabara imeshaandikwa. Malaria, taifodi, mkojo, fulu pikcha ya damu. Majibu yakaja, malaria wadudu wawili, taifodi ipo, na mkojo nao mchafu kidogo. Mtoto wa mwaka na nusu ana magonjwa matatu kwa mpigo! Akaandikiwa sindano, dawa ya mseto, antibayotiki na ya kushusha homa, na hela aliyoacha pale ni ya gunia zima la viazi, tena bei ya msimu mzuri. Ninachotaka msomaji akione ni hiki, muda wote huo mtoto alikuwa kafungwa kwenye blanketi mbili na hakuna aliyemfungua.

Hali ikawa ileile, nikasema kesho twende zahanati. Tukamkuta tabibu kijana, bado mgeni huku kwetu, akaniambia "bibi naomba mumvue nguo za juu, akae mapajani kwa mama yake, asilie". Akatoa simu yake akaweka saa, akainama akawa anaangalia tu tumbo na kifua cha mtoto kinavyopanda na kushuka, hamna alichogusa, dakika nzima chumba kizima kimya na nje watu wanagonga mlango. Mtoto akajisogeza, akasema naanza upya. Akahesabu tena mpaka mwisho, akaandika 52. Ndo akatueleza kwamba mtoto wa kuanzia mwaka mmoja mpaka chini ya mitano mwenye kikohozi, akitulia alafu anapumua mara 40 au zaidi kwa dakika, anachukuliwa kuwa ana nimonia na anaanzishiwa dawa. Kwa mtoto mdogo zaidi, kuanzia miezi miwili mpaka kabla ya mwaka, kipimo ni 50. Akaangalia kama chini ya mbavu panabonyea, akasikiliza, akapima malaria kwa kile kipimo cha haraka cha tone la damu, hamna malaria. Akatoa amoksilini ya kuyeyusha kwenye maji, dozi ya kwanza akataka anywe palepale mbele yake, na akamwambia mkwe wangu, mama ukiona hanyonyi, anatapika kila kitu, amelegea au degedege, usisubiri asubuhi. Mtoto akapona. Na hatukutozwa kitu maana chini ya miaka mitano serikalini hatozwi.

Sasa kati ya hizo sehemu mbili ipi ni bora? Mkipiga kura mtaani, kliniki ya mjini inashinda mchana kweupe, maana zahanati ile sakafu imepasuka na benchi ni moja. Na mtu asije akasema naipigia debe serikali, visa vya kinyume chake ninavyo vya kujaza gazeti zima, kuna zahanati unafika saa tatu nesi anakuuliza umefuata nini kama vile umekuja kumkopa. Ninachosema ni kwamba ile dakika moja ya kuhesabu pumzi, kitu kisichotaka umeme wala mashine, hakuna mahali imeandikwa ambapo mimi mwananchi naweza kusoma kwamba kituo fulani wanafanya na fulani hawafanyi.

Hii habari ya malaria na taifodi niiseme vizuri kidogo maana ndo inayokula hela za watu wa huku. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Baridi ya huku inamchelewesha kimelea wa malaria kukomaa ndani ya mbu, na ikizidi hakomai kabisa, ndo maana Njombe na Iringa ni kati ya mikoa yenye malaria chache kabisa nchini. Ukishuka Kyela au Usangu kwenye mpunga hayo ni mambo mengine, kule malaria ipo na inaua. Lakini mtu wa Uyole, Isyesye au Igawilo ambaye hajasafiri kwenda popote, kila akiumwa kichwa ana malaria mbili, kila mwezi ana malaria mbili, kwanini? Shirika la Afya Duniani tangu 2010 linasema mtu apimwe kwanza ndo apewe dawa, na vile vipimo vya haraka vimesambazwa mpaka zahanati za vijijini. Navyo vina tabia yake, ukishatibiwa malaria kinaweza kuendelea kuonyesha ipo kwa wiki kadhaa wakati umeshapona, kwa hiyo bado anahitajika mtu wa kukuuliza ulitibiwa lini. Kwenye taifodi ndo kabisa. Kile kipimo cha kuchanganya damu na dawa kinaangalia kinga ya mwili, na kinga hiyo inaweza kuwepo kwa sababu uliwahi kuugua zamani, au umechanjwa, au mwili umepambana na kitu kingine kinachofanana. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha damu maabara, kazi ya siku kadhaa na kliniki nyingi hazina uwezo huo. Sawa, hawana, hatuwalaumu kwa hilo. Ila kumwambia mtu "una taifodi" kwa kile kipimo kimoja, akachomwa sindano za antibayotiki siku tano, mwezi ujao tena, alafu baadaye tunashangaa mbona siku hizi kila mtu ana UTI sugu na dawa hazishiki.

Na hapo ndo naona ukaguzi wetu una mahali haufiki. Mkaguzi anakuta darubini ipo, mtu wa maabara ana leseni, rejista imejazwa, anaweka tiki. Vyote hivyo ni muhimu, nani anataka kupimwa na mtu asiyesomea? Lakini kama majibu yanayotoka kwenye kile chumba ni ya kweli, hiyo inataka kazi nyingine, uchukue baadhi ya vile vioo vya damu vilivyokwisha kusomwa ukavisomeshe upya kwa mtu mwingine ambaye hajui wa kwanza alisema nini. Kwenye kifua kikuu wanafanya hivyo, makohozi yanarudiwa kusomwa. Kwa hiyo sio jambo la kubuni, linafanyika, tufanyiwe na kwenye hizi malaria mbili.

Tena serikali yenyewe ilishaanza vizuri. Mwaka 2015, enzi za ule mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, Wizara ya Afya ilianza kupima zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya, za serikali na za binafsi, na kuzipa nyota kuanzia sifuri mpaka tano. Waliangalia uhalali wa kituo, uongozi, watumishi, dharura na rufaa, kuzuia maambukizi, majengo, maabara na dawa, hata kama kituo kinawasikiliza wananchi wake. Majibu ya mzunguko wa kwanza yalikuwa ya aibu, kama theluthi moja ya vituo havikupata hata nyota moja, na vya nyota tatu vilikuwa vichache mno. Ikarudiwa 2017/18, vya sifuri vikapungua sana na vya nyota tatu vikaongezeka, japo lengo halikufikiwa. Mimi nasifia kwa kweli, sio nchi nyingi zinakubali kujitangazia sifuri. Lakini wewe unayesoma barua hii, zahanati yako ilipata nyota ngapi? Nimeuliza pale sokoni, wauza viazi, madereva wa bajaji, mwalimu mmoja mstaafu, hakuna anayejua, wengine hawajawahi hata kusikia kwamba kulikuwa na nyota. Wataalamu walipima, wataalamu wakasoma, wakaandikiana ripoti.

Niwape picha ya ndani kidogo. Siku moja timu ya halmashauri ilikuja kwenye zahanati yetu na sisi wa kamati tukaitwa tuwepo. Land Cruiser ikaingia, wakashuka, mama mmoja ndo alikuwa anaongoza, mpole ila macho yake hayakosi kitu. Akaanza na friji ya chanjo. Mlangoni kunabandikwa karatasi ya joto, inatakiwa isomwe asubuhi na jioni kila siku, na joto libaki kati ya nyuzi 2 na 8, likizidi au likishuka chanjo zinaharibika na kwa macho huzijui. Basi karatasi ilikuwa imejaa vizuri sana, nne, nne, tano, nne. Shida ni kwamba ilikuwa saa nne asubuhi na tayari joto la jioni ya siku hiyo limeshaandikwa. Yule mama akaitazama, akamtazama nesi, nesi akatazama chini. Hakufoka. Akazungushia duara kwa kalamu nyekundu akaendelea. Chumba cha sindano ndoo ya maji tiririka ipo na sabuni ipo, kufungua koki hamna kitu. Boksi la sindano zilizotumika limejaa mpaka zinachungulia, wakati linatakiwa lifungwe likifika robo tatu maana likizidi hapo ndo watu wanachomwa wakilazimisha kusukumia. Rejista ya wagonjwa wa nje, ile MTUHA namba 5, akafungua akawa anasoma taratibu, akauliza mbona wagonjwa hawa wote wa mafua wamepewa antibayotiki.

Vyote hivyo viliandikwa kwenye kitabu cha usimamizi, vikapewa tarehe ya kurekebishwa, sahihi, kitabu kikarudi kabatini na ufunguo anao mganga mfawidhi, yaani mkuu wa zahanati. Mchana uleule akina mama wameleta watoto chanjo, wamekaa kwenye benchi hatua chache kutoka kwenye lile kabati, hakuna hata mmoja aliyejua kwamba friji limewekewa alama nyekundu. Na mimi niliyejua nimekaa nao pale, nawasalimia. Nilikosa raha.

Kwenye kikao nikauliza, dokta kwanini haya yasibandikwe pale kwenye ubao wa matangazo karibu na bei za huduma? Mganga mfawidhi akaniambia, tena kwa heshima, "mama tutawatisha wagonjwa, wataacha kuja, wakiacha kuja watakwenda kwa waganga wa kienyeji au maduka ya dawa". Nilimwelewa. Zahanati yetu ina tabibu mmoja na wauguzi wawili, huyohuyo anayezalisha ndo anayechanja ndo anayejaza vitabu, na vitabu vya MTUHA ni vingi jamani, ukiviona vimepangwa utamwonea huruma. Dawa zikichelewa Bohari ya Dawa anayetukanwa ni yeye. Sasa umbandikie na makosa ukutani? Lakini nikamwambia, dokta wagonjwa tayari wanakwenda kwa waganga wa kienyeji bila kusoma kitu. Na maji kukosekana chumba cha sindano sio kosa la nesi, bomba limekufa toka mwaka jana na tumeandika barua halmashauri hatujajibiwa, ikibandikwa ukutani itakuwa ni aibu ya nani, yako au yao? Toka 2017/18 kuna hela zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na kamati inapitisha matumizi yake. Wananchi wakijua bomba ndo limeipunguzia zahanati yao alama watakuja kwenye mkutano kudai bomba, sasa hivi wanakuja kulalamikia lugha ya nesi tu maana ndo kitu pekee wanachokiona.

Kwa hawa wa binafsi mambo yanachanganya zaidi. Sheria ya mwaka 1977 ilizuia tiba za biashara, 1991 ikarekebishwa ndo madaktari wakaruhusiwa tena kufungua vyao, na ni jambo jema, bila wao foleni za serikali zingetumaliza. Sasa angalia wanaowasimamia. Kituo kinasajiliwa na bodi ya ushauri ya hospitali binafsi iliyoko wizarani, maabara ina bodi yake, dokta ana Baraza la Madaktari Tanganyika, nesi ana Baraza la Uuguzi na Ukunga, famasi ina Baraza la Famasi, ubora wa dawa na vifaa ni Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, ambao wana ofisi ya kanda hapahapa Mbeya, alafu Bima ya Afya nao wanapita kukagua madai, na mimi naamini hao wa Bima ndo wanakagua kwa uchungu kuliko wote maana hela inayotoka ni yao. Kila mmoja ana kipande chake na jalada lake. Mgonjwa aliyeharibiwa mkono kwa sindano aanzie mlango upi? Akienda kwa madaktari ataambiwa aliyekuchoma ni nesi, akienda kwa wauguzi ataambiwa yule hayupo kwenye orodha yetu, huenda hata sio nesi. Mwisho anakata tamaa anamwachia Mungu, na kliniki inaendelea.

Kinachonipa moyo ni kwamba kubandika kitu mlangoni tumeshafanya na kimeeleweka. Maduka ya dawa muhimu, mpango ulioanzia hukuhuku kusini, Ruvuma, mwaka 2003, kila duka lina nembo yake, mtu hata kama hajasoma sana akiiona anajua hapa muuzaji kapewa mafunzo na duka limesajiliwa. Sasa kwanini duka la kuuza panado liwe na alama mlangoni lakini pale unapochanwa jipu pasiwe nayo?

Ninachoomba ni karatasi moja tu, Kiswahili, herufi kubwa, ibandikwe pale watu wanapokaa kusubiri na sio ndani ya ofisi ya mkurugenzi wa kliniki. Iseme anayetibu hapa ni nani na amesomea ngazi gani, ni daktari, ni tabibu, ni muuguzi, na leseni yake ya mwaka huu ipo, maana mjini kwetu kila mwenye koti jeupe anaitikia dokta na hakuna ubaya tabibu kutibu, yule aliyemponya mjukuu wangu ni tabibu, ubaya ni kuficha. Iseme kituo kina nyota ngapi na zilitolewa mwaka gani, kilikaguliwa lini mara ya mwisho, kilikutwa na kasoro zipi kubwa, zipi zimerekebishwa zipi bado. Na chini iwekwe namba moja ya simu ya kulalamika, moja, hao wakubwa na mabaraza yao wagawane wenyewe huko nyuma. Mbona kwa wajawazito na watoto wachanga imewezekana, dharura ya uzazi unapiga 115 bure ule mfumo wa m-mama unatafuta gari, hamna anayekuuliza wewe uko chini ya idara gani.

Wakati tunasubiri, kuna vitu mgonjwa anaweza kuviona mwenyewe kama akiambiwa avitazame. Bomba la sindano litolewe kwenye karatasi yake mbele yako, sio unalikuta limeshavutwa dawa liko kwenye trei na hujui ni la nani. Likishatumika liingie kwenye boksi moja kwa moja, asijaribu kurudishia kifuniko. Mtu anawe mikono kabla hajakushika, na kuvaa glavu sio kunawa, glavu ileile iliyomshika aliyetangulia ni uchafu tu. Kabla hujachomwa uulizwe kuna dawa inakukataa? Usipoulizwa sema mwenyewe, na uliza bila aibu kama pale wana adrenalini, kwa sababu mwili ukiikataa sindano kwa nguvu pumzi inabana ndani ya dakika chache na hiyo ndo dawa inayotangulia, kliniki inayochoma sindano siku nzima bila kuwa nayo inacheza na watu. Daftari lako urudishiwe limeandikwa ugonjwa na dawa, uweze kumwonyesha mwingine. Kliniki inayokupa dawa kwenye bahasha isiyo na jina ili usiweze kununua kwingine, hiyo mimi siendi tena hata wakiweka marumaru mpaka darini.

Najua kuna watakaosema hii ya kubandika itawafaa watu wa mjini wenye pa kuchagua, wa kijiji cha ndani kule Chunya au Makete mwenye zahanati moja tu akisoma sifuri ataenda wapi. Ni kweli hana pa kwenda. Lakini atajua kwamba ni sifuri, na diwani wake atajua kwamba anajua. Pia kuna madaktari wazuri wa binafsi watafurahi, maana leo hii anayepima kwa uaminifu na kumwambia mtu huna malaria anashindana sokoni na anayempa kila mtu malaria mbili, na anashindwa. Sisi wateja ndo tunamfilisi, tunataka sindano, tunataka dripu, mtu ana mafua anaomba atundikiwe maji. Hilo nalo lisemwe.

Kwa hiyo naomba waganga wakuu wa mikoa yetu hii, Mbeya, Songwe, Njombe, Iringa, Rukwa, wasisubiri waraka kutoka Dodoma. Matokeo ya ukaguzi wao wanayo makabatini, kubandika ni gharama ya karatasi na gundi.

Sisi kwenye kamati yetu nimeshaipeleka hoja na kikao kijacho itajadiliwa. Mganga mfawidhi amelegeza, amesema yuko tayari kubandika kasoro zote za ule ukaguzi mpaka ile ya karatasi ya friji, ila kwa sharti, na yale ambayo halmashauri ilitakiwa ifanye na haijafanya yaandikwe palepale kwa herufi zilezile, pamoja na tarehe tulizowaandikia barua. Mimi sharti hilo nimelikubali, wajumbe wawili wameniunga mkono, mwenyekiti bado anasema ngoja kwanza tumuulize diwani.

Mjumbe wa kamati ya zahanati,
Uyole, Mbeya